Ipi Isiyoharibika? Barua ya Mpwa Wangu Kuhusu Pikipiki ya Theluji

Majuma machache yaliyopita mpwa wangu anayefanya kazi kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, aliniandikia barua fupi ambayo imenishughulisha kuliko nilivyotarajia. "Mjomba," alisema, "nataka kununua pikipiki ya theluji iliyotumika. Wenzangu kazini kila mmoja ana jina lake analolisifu na analoapa kwalo. Wewe uliwahi kuishi huku. Niambie, ni ipi isiyoharibika?"

Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina ski mbili zinazogeuzwa kwa usukani wa mkono. Chini ya kiti kuna ukanda mpana wa mpira wenye meno, unaozungushwa na injini ukaisukuma mashine juu ya theluji. Huku kwetu ni kitu cha kutazamwa katika filamu. Huko ni chombo cha mtegaji wa wanyama, cha mvuvi anayetoboa barafu ziwani, cha mchungaji wa kulungu wa Lapland, na, waama, cha kijana mwenye mshahara wa kwanza anayetaka kuonekana.

Swali la mpwa wangu si la mchezo. Chombo kikizimika barabarani Thika, tatizo ni nauli na muda. Kikizimika katikati ya ziwa lililoganda, jua limetua na baridi ni nyuzi 30 chini ya sifuri, tatizo ni uhai. Mashine hizi zenyewe zina mizizi katika msiba wa namna hiyo. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa kijiji cha Valcourt huko Quebec, Kanada, alifiwa na mwanawe mdogo katika majira ya baridi ya mwaka 1934. Mtoto alihitaji hospitali, barabara zilikuwa zimezibwa na theluji, na mashine ambayo baba alikuwa akiiunda haikuwa tayari. Mnamo 1937 alipata hataza ya mfumo wake wa ukanda wa kuendeshea, akaanza kuunda magari makubwa ya theluji ya kubeba abiria. Ile ndogo ya mtu mmoja au wawili, Ski-Doo, ilitoka mwaka 1959.

Wakati huohuo, upande wa Marekani, mafundi wa kijiji cha Roseau, Minnesota, walikuwa wakiunda yao, ambayo ndiyo Polaris ya leo. Mmoja wao, Edgar Hetteen, alifunga safari ndefu kupitia nyika za Alaska mwaka 1960 ili kuuthibitishia ulimwengu kwamba mashine hiyo yaweza kuaminiwa. Baadaye alitengana na wenzake, akaanzisha kampuni nyingine katika mji wa Thief River Falls, nayo ikawa Arctic Cat. Yamaha ya Japani iliingia mwaka 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji walizidi mia moja. Kisha mafuta yakapanda bei, baadhi ya majira ya baridi yakakosa theluji, na majina yakafutika moja baada ya jingine hadi yakabaki hayo manne makubwa.

Hayo manne yana mashabiki kama walivyo mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards. Wa Ski-Doo huvaa njano, wa Arctic Cat kijani, na ole wako uingie mkahawani na koti lisilo la wenyeji. Nilipokuwa nikisomea ualimu huko katika miaka ya 1990, nilisikia mabishano haya kila Jumamosi, na jambo moja lilinishangaza. Karibu kila msemaji alikuwa akiisifu ile aliyoinunua. Mtu akishatoa maelfu ya dola, ulimi wake huwa si shahidi tena bali wakili. Mwalimu anayewafunza wanafunzi wake kupima ushahidi hana haja ya kutafuta mfano wa mbali zaidi.

Isitoshe, jina lililoandikwa ubavuni mara nyingi si jina la aliyeiunda injini. Kwa miongo mingi moyo wa Arctic Cat ulikuwa injini ya Suzuki. Polaris zilitumia injini za Fuji kutoka Japani kabla kampuni haijaanza kuunda zake katika miaka ya 1990. Ski-Doo hupata zake kutoka Rotax, kiwanda cha Austria ambacho Bombardier ilikinunua mwaka 1970. Kichekesho zaidi kilitokea kwa matoleo ya mwaka 2014, ambapo baadhi ya Arctic Cat zilifungwa injini ya Yamaha, na Yamaha nayo ikauza mashine iliyoundwa katika kiwanda cha Arctic Cat. Mashabiki wawili wangeweza kukesha wakitukanana juu ya injini ileile moja.

Basi tuliache jina, tuitazame injini yenyewe. Zipo za mapigo mawili na za mapigo manne. Ya mapigo mawili huwaka kila mara pistoni inapofika juu; haina valvu wala mitambo mingi, ni nyepesi, na hulainishwa kwa oili inayoungua pamoja na petroli. Wavuvi wa pwani yetu wanaijua vyema kutoka katika mashine za boti. Ya mapigo manne huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, ina oili yake pembeni, hula petroli kidogo na hutoa moshi mchache. Yamaha ilipoitoa RX-1, toleo la mwaka 2003 ambalo injini yake ilitokana na ya pikipiki ya barabarani, wengi walianza kusema kwamba hatimaye imepatikana isiyochoka. Kwa kiasi kikubwa hawakukosea. Injini ya mapigo manne iliyotunzwa hudumu miaka mingi kabla ya kufunguliwa, ilhali ya mapigo mawili aghalabu hudai pistoni mpya mapema zaidi.

Hata hivyo, kudumu ni jambo moja na kukufikisha nyumbani ni jingine. Ile nzito ikizama katika theluji laini, mtu mmoja haitoi. Oili yake huwa nzito kama uji asubuhi ya baridi kali, na betri dhaifu haiizungushi. Ile nyepesi huvutwa kwa kamba, na fundi wa kijiji huweza kubadilisha pistoni yake juu ya benchi kwa spana chache.

Nayo ina ajali yake ya ajabu, ambayo ningependa kila mwalimu wa fizikia aiweke katika somo lake: huungua siku ya baridi kuu. Hewa baridi ni nzito. Kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya siku ya kawaida itaingiza hewa nyingi kuliko petroli inayostahili, mchanganyiko utakuwa mkavu, joto ndani ya silinda litapanda, na pistoni itayeyuka huku dereva akitetemeka kwa baridi. Mashine za sasa zinazopuliziwa petroli kwa kompyuta hujirekebisha zenyewe. Za zamani, ambazo ndizo kijana mwenye fedha chache huzinunua, hungoja mkono wa mwenyewe.

Hapa sina budi kukiri yaliyonipata mimi. Januari moja niliazimwa mashine nzuri, karibu mpya, ambayo mwenyewe aliniambia kwamba haijawahi kumwangusha mtu. Sitalitaja jina lake, kwani nililoshindwa kulielewa lilikuwa dogo na limo katika mashine za majina yote. Injini yake ilipozwa kwa maji, na maji hayo hupozwa na theluji inayorushwa na ule ukanda wa nyuma juu ya mabati ya chini ya kiti. Upepo ulikuwa umeifagia theluji yote ziwani, ikabaki barafu tupu inayong'aa kama kioo. Taa nyekundu iliwaka. Nikajiambia kuwa mashine yenye sifa kama hii haiwezi kuharibika. Baada ya dakika chache injini ilikwama kwa kishindo, nami nikatembea kilomita sita gizani nikielekea kwenye taa za nyumba moja ukingoni, vidole viwili vya mguu vikiwa havina habari nami.

Mashine hiyo ilivutwa kesho yake na mzee mmoja mwenye kibovu cha injini ndogo inayopozwa kwa feni, rangi imembabuka, kiti kimefungwa kwa kamba. Feni haijali kama kuna theluji au hakuna. Mzee hakusema neno la kujisifu, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa kamba yake.

Tangu siku hiyo kila nisikiapo kwamba fulani "haiharibiki" huuliza: wapi, na mikononi mwa nani? Watangazaji hupenda kukumbusha kwamba Ralph Plaisted na wenzake waliifikia Ncha ya Kaskazini kwa Ski-Doo mwaka 1968. Ni kweli, na ni ushujaa mkubwa. Lakini jaribio lao la 1967 lilishindwa, na katika la pili ndege iliwaletea mahitaji njiani. Mpwa wangu hatakuwa na ndege.

Nimemwandikia hivi. Asitafute jina, kwanza atafute fundi aliye karibu na nyumbani kwake, amuulize ni injini zipi anazo spea zake. Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa kuwa Yamaha ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaacha biashara hii, na toleo lake la mwisho Amerika Kaskazini likawa la mwaka 2025. Arctic Cat nayo, iliyonunuliwa na Textron mwaka 2017, iliuzwa tena mwaka 2025. Injini njema isiyo na spea itakuwa pambo la uani. Akipata ya mapigo mawili yenye feni, isiyo na mbio nyingi, iliyotunzwa na mtu mzima, aichukue hata kama wenzake watamcheka. Afungue plagi atazame rangi yake. Aulize pistoni zilibadilishwa lini, na muuzaji akijibu kwamba hazijawahi kuguswa, asilichukulie jibu hilo kuwa sifa. Abebe mkanda wa ziada wa klachi, kwa sababu kinachokatika mara nyingi si injini bali mkanda huo wa mpira, na jina lolote ubavuni halitauunga.

Nimemwambia pia asivuke ziwa peke yake, wala asiiamini barafu ya Novemba hata akiwa juu ya mashine mpya. Jibu lake bado sijalipata.