Moyo Wahitaji Upasuaji, Ini Lina Saratani

Hutokea mzee mmoja akakutwa na maradhi mawili: vali ya moyo imebana, na picha za hospitali zikaonyesha saratani ya ini. Jamaa hushindana: apasuliwe au aachwe?

Wengi huutazama uvimbe, ilhali siku ya upasuaji daktari huhofia zaidi sehemu ya ini iliyosalia. Saratani hii aghalabu huota katika ini lililokwisha jaa makovu, mara nyingi kwa homa ya ini aina ya B au C. Na ini ndilo litengenezalo protini za kugandisha damu. Moyo ukipasuliwa, damu hupitishwa katika mashine ishikayo kazi ya moyo na mapafu, baada ya mgonjwa kupewa dawa ya kuizuia isigande. Ini dhaifu halimudu mshtuko huo. Mgonjwa huvuja damu, na figo nazo huweza kushindwa.

Hivyo madaktari hutumia kipimo cha Child na Pugh, kilichorekebishwa mwaka 1973. Hutazama umanjano, protini ya damu, muda wa kuganda, maji tumboni na kuchanganyikiwa kwa akili. Wa daraja A wengi huvuka. Wa daraja C hatari yao ni kubwa mno. Baadhi yao hupandikiziwa vali kwa mrija upitao mshipa wa pajani, pasipo kufungua kifua.

Basi mama, ukikaa na daktari, muulize: ini la mzee ni la daraja gani? Na saratani yamwachia muda gani wa kuufaidi moyo uliotengenezwa?