Je, Wajua? Chuma cha Olimpiki Kina Kilo 15, Ndoo ya Nyashimo Ina 20

Je, wajua kwamba chuma kirefu wanachonyanyua wanawake kwenye Olimpiki, kabla hakijavishwa uzito wowote pembeni, kina kilo 15 tu? Cha wanaume kina kilo 20. Cha wanawake ni chembamba pia, milimita 25 badala ya 28, ili viganja vidogo vikikamate vizuri.

Sasa njoo Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, usimame karibu na bomba la maji asubuhi. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji, na hapo ndoo yenyewe hujaihesabu. Mama anaweka kata kichwani, anakunja magoti, anaipandisha ndoo hadi pajani, anavuta pumzi, kisha kwa mkupuo wa pili inatua utosini. Akiwepo mwenzake atamtwika. Asipokuwepo anajitwika mwenyewe. Mtazame miguu. Nguvu inatoka mapajani na kiunoni, mikono inaongoza tu. Wanyanyuaji wa jukwaani hufundishwa jambo hilo hilo kwa miaka, katika mtindo wa hatua mbili ambapo uzito hupandishwa kwanza mabegani, halafu juu ya kichwa. Wao wakimaliza wanaruhusiwa kuuangusha chini. Mama huyu bado ana safari ya kwenda nyumbani.

Nimeanza na ndoo kwa sababu mwanamke anapoingia jimu, jambo la kwanza analoulizwa ni kama ataweza. “Dada, hicho kizito, njoo huku kwenye vidogo.” Jimu nyingi za mtaani katika miji yetu midogo ni uwanja wa vijana wa kiume: benchi la mbao, makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba la chuma, spika ya muziki, na mabaunsa wawili watatu wanaojulikana mtaa mzima. Hakuna kibao kinachosema wanawake wasiingie. Macho yanatosha kufanya kazi ya kibao. Anayevumilia macho hukutana na msaada asiouomba, na anayevumilia msaada huo hupelekwa kwenye mazoezi ya kupunguza tumbo hata kama alisema wazi kwamba amekuja kutafuta nguvu. Ni dhuluma ndogo ndogo, lakini zinamfanya mtu ashindwe kurudi wiki inayofuata.

Je, wajua kwamba wanawake wa Afrika Mashariki waliwahi kuwashangaza wanasayansi kwa jinsi wanavyobeba? Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Nairobi, ukiongozwa na Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake kutoka ng'ambo. Waliwapima wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walipima hewa ya oksijeni waliyotumia wakitembea na mzigo na bila mzigo. Wanawake hao walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati ya ziada inayopimika. Kwa mama wa kilo 60, hizo ni kilo 12 za bure. Askari waliowahi kupimwa wakibeba mabegi mgongoni hawakupata nafuu hiyo: kila kilo iliyoongezwa ilidai nishati yake.

Mwaka 1995 baadhi ya watafiti wale walieleza sababu. Mtu anapotembea, mwili hupanda kidogo na kushuka katika kila hatua, na sehemu ya nguvu ya kushuka hutumika tena kupanda katika hatua inayofuata. Sehemu nyingine hupotea. Wanawake wale, walipotwikwa mzigo, walipoteza kidogo kuliko walipotembea mikono mitupu. Miili yao ilikuwa imejifunza hivyo tangu utoto. Haki inadai niongeze kwamba utafiti wa baadaye huko Afrika Kusini haukuiona nafuu hiyo kwa kila mwanamke, na ulikuta wabebaji wengi wakiumwa shingo. Kwa hiyo tusiufanye mzigo wa kichwani kuwa sifa ya kupigia makofi. Ni ustadi, na una gharama.

Je, wajua kwamba kunyanyua vyuma kulikuwepo kwenye Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens 1896, lakini wanawake waliruhusiwa mwaka 2000 huko Sydney? Miaka 104 ilipita katikati. Mashindano ya dunia ya wanawake yenyewe yalianza 1987 tu, Daytona Beach, Marekani.

Tazama kilichotokea mlango ulipofunguliwa. Huko huko Sydney, Karnam Malleswari alipata shaba na kuwa mwanamke wa kwanza wa India kupata medali ya Olimpiki. Soraya Jiménez akawa mwanamke wa kwanza wa Mexico kupata dhahabu. Kwenye uzito wa kilo 75, wanawake watatu walimaliza wakiwa wamenyanyua jumla sawasawa, kilo 245. Kanuni ya wakati huo ilisema mwenye mwili mwepesi ndiye mshindi, na mwepesi alikuwa María Isabel Urrutia wa Colombia, aliyekuwa amewahi kushiriki Olimpiki ya 1988 kama mrusha tufe na kisahani. Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Colombia katika historia yote ya Olimpiki, ya wanaume kwa wanawake. Wa pili wake alikuwa Mwafrika, Ruth Ogbeifo wa Nigeria. Miaka 21 baadaye, Tokyo, Hidilyn Diaz aliipatia Ufilipino dhahabu yake ya kwanza kabisa. Mwili wake ulikuwa katika daraja la kilo 55, na mara ya mwisho alinyanyua kilo 127. Mwaka uliotangulia, janga la korona lilipomfungia Malaysia bila jimu, alifanya mazoezi kwa fimbo ya mwanzi iliyotundikwa vyombo vya maji.

Nchi hizo hazikuwa na wanawake dhaifu kabla ya 2000. Zilikosa jukwaa tu la kuwapimia.

Je, wajua kwamba kipaji cha bingwa wa India, Mirabai Chanu, kiligunduliwa kwenye mzigo wa kuni? Alikuwa msichana wa miaka 12 hivi, kijijini Manipur, alipobeba mzigo ambao kaka yake mkubwa alishindwa kuunyanyua. Mwaka 2018 alipata dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Gold Coast, na Tokyo akapata fedha. Pale Gold Coast aliyemfuata alitoka upande wetu wa Bahari ya Hindi: Roilya Ranaivosoa wa Mauritius. Sijui mzazi wa Busega anayemwona binti yake akijitwika furushi la pamba au tita la kuni anawaza nini. Ningependa siku moja awaze Manipur.

Kwa Tanzania, medali iliyozitangulia nyingine ilipatikana kwa mkuki. Theresia Dismas alipata fedha ya kurusha mkuki kwenye Michezo ya Afrika ya kwanza, Brazzaville 1965. Mkuki haurushwi kwa mkono peke yake. Unarushwa kwa miguu, kiuno na mgongo, viungo vile vile vinavyonyanyua chuma. Jina lake lilistahili kuandikwa kwenye ukuta wa kila shule ya msingi.

Je, wajua kwamba hijabu na mikono mirefu havimzuii mwanamke kushindana? Hadi 2011 kanuni za kimataifa zilitaka magoti na viwiko vionekane, ili waamuzi wajue kama vimenyooka. Kulsoom Abdullah, Mmarekani mwenye asili ya Pakistan, aliomba kanuni ibadilishwe baada ya kukataliwa kushindana akiwa amejisitiri. Mwaka huo shirikisho la dunia likakubali vazi la kubana linalofunika mikono na miguu, kwa kuwa kiungo kinaonekana kimenyooka hata chini ya kitambaa. Mwaka uliofuata, London, Khadija Mohammed wa Falme za Kiarabu alipanda jukwaa la Olimpiki akiwa na hijabu. Wasomaji wa Unguja, Mombasa na Muscat wanaoambiwa kwamba mchezo huu si wa mwanamke mwenye staha wanaweza kujibu kwa majina hayo mawili.

Na Hellen Wawira wa Kenya ni jina jingine la kukumbuka. Anashindana katika mchezo wa walemavu wa kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi, na alirudi na shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham 2022.

Tuje kwenye hofu, maana ndizo zinazowarudisha wengi mlangoni. Ya kwanza: “Utakuwa na mwili wa kiume.” Homoni inayokuza misuli mikubwa, testosteroni, kwa wastani ni zaidi ya mara kumi kwa mwanamume kuliko kwa mwanamke. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba wanawake na wanaume huongeza misuli kwa kiwango kinachofanana ukilinganisha na pale kila mmoja alipoanzia, na kwa nguvu za mikono na kifua wanawake huwa wanapanda haraka zaidi kwa kulinganisha hivyo. Mwanamke anayebeba vyuma mara mbili kwa wiki anapata nguvu, mgongo ulionyooka na mapaja magumu. Miili mikubwa ya wanawake wa majukwaani inatokana na miaka mingi ya kazi hiyo, na wengine hutumia dawa.

Hofu ya pili ni ya kizazi, na hii siwezi kuipuuza. Utafiti uliofanywa vijijini Kilimanjaro na kuchapishwa 2018 ulikuta viungo vya ndani ya nyonga vikiwa vimeshuka kwa wanawake wengi, na ukahusisha tatizo hilo na kuzaa mara nyingi na kubeba vitu vya kilo 10 au zaidi kwa saa tano au zaidi kwa siku. Soma tena kipimo hicho: saa tano kwa siku. Hiyo ni hesabu ya shamba, kuni, maji na mtoto mgongoni, pengine wiki chache baada ya kujifungua, na hakuna mtu wa kusema “leo pumzika.” Kwenye jimu mwanamke anachagua uzito, ananyanyua mara nane au kumi, anakaa dakika mbili, na akichoka anaacha. Jamii iliyonyamaza juu ya saa tano za mzigo inapopaza sauti juu ya nusu saa ya chuma, inanisikitisha sana. Aliyejifungua karibuni, au anayehisi uzito sehemu za chini au mkojo kumtoka, amwone kwanza mhudumu wa afya, kisha arudi kwenye mazoezi taratibu.

Je, wajua kwamba dumu ni kifaa cha mazoezi kinachozidi vyuma vingi kwa usahihi? Lita moja ya maji ni kilo moja. Jimu ya zege inakurusha kutoka kopo dogo hadi kopo kubwa, lakini dumu linaongezwa lita moja moja. Weka lita tano, simama miguu ikiwa upana wa mabega, liweke dumu katikati ya miguu, sukuma makalio nyuma, mgongo umenyooka, lishike kwa mikono miwili na usimame nalo. Mara nane, pumzika, rudia. Mara ya nane ikiwa rahisi, ongeza lita. Ukijaza mchanga mkavu, dumu la lita tano linafika kilo nane hivi. Wawili wakifanya pamoja uani, tayari wana jimu yao, na siku wakiamua kuingia ile ya mtaani wataingia wakijua wanachotaka. Wenye jimu wanaotenga saa za wanawake wanafanya jambo jema, mradi saa hizo zisiwe kisingizio cha kuwafukuza saa nyingine.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka kila mtu mzima afanye mazoezi ya kukaza misuli angalau siku mbili kwa wiki, na halikutenga jinsia. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi sababu ni nzito zaidi, maana mifupa yake hupungua haraka. Huko Queensland, Australia, wanawake 101 wenye mifupa iliyopungua waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito kweli kweli chini ya usimamizi, nusu saa mara mbili kwa wiki kwa miezi minane; jingine lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Mifupa ya uti wa mgongo wa chini iliongezeka kwa karibu asilimia 3 kwa wanyanyuaji, na ikapungua kwa zaidi ya asilimia 1 kwa wenzao.

Na kwa anayesema umri umemtupa: mwaka 1990 madaktari wa Boston walichapisha habari za wazee dhaifu wa miaka kama 90, waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, waliofundishwa kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao wakaacha kutembea na mkongojo.