Pateni ya Karatasi na Mwili wa Mvaaji

Pateni ya kushonea ni seti ya karatasi nyembamba zilizochorwa umbo la kila kipande cha vazi, kama vile kifua, mgongo, mikono na kola, ambazo mshonaji huzilaza juu ya kitambaa, akazibana kwa pini, kisha akakata kwa kuzifuata. Pateni zinazouzwa madukani huja katika bahasha yenye picha ya vazi, jedwali la vipimo, kiasi cha kitambaa kinachohitajika na maelezo ya kushona hatua kwa hatua. Kwa mtu mwenye cherehani nyumbani ambaye hakupitia mafunzo ya ufundi, bahasha hiyo hubeba ujuzi ambao fundi huupata kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo inastahili kusomwa kwa makini kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Karatasi za kukatia nguo zilikuwa zikiuzwa tangu zamani, lakini nyingi zilikuwa za saizi moja tu, hivyo mnunuzi alilazimika kuzipanua au kuzipunguza mwenyewe. Mwaka 1863 Ebenezer Butterick, fundi wa nguo katika mji wa Sterling, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, akishirikiana na mkewe Ellen, alianza kuuza pateni zilizopangwa kwa saizi mbalimbali, kwanza za nguo za wanaume na wavulana na baadaye za wanawake. Kwa kuwa cherehani, ambayo Isaac Singer alipata hataza ya aina yake mwaka 1851, ilikuwa imekwisha kuingia majumbani, biashara hiyo ilikua upesi. Pateni hizo za mwanzo hazikuwa na maandishi, bali matundu madogo yaliyotobolewa ili kumwonyesha mshonaji mahali pa kuunganisha au kukunja. Nchini Ujerumani, Aenne Burda alianzisha mwaka 1950 jarida la mitindo ambalo baadaye lilienea duniani kwa sababu ya pateni zake, zilizochapwa nyingi kwa pamoja juu ya karatasi moja kubwa, kila msomaji akinakili mistari ya saizi yake.

Kosa linaloharibu nguo nyingi ni kuchagua pateni kwa saizi ya nguo za dukani. Namba hizo mbili hazilingani, na mtu anayevaa saizi 12 ya dukani mara nyingi huhitaji namba kubwa zaidi katika pateni. Hilo si kasoro ya mwili wake, kwa maana namba ni alama tu ya jedwali. Kinachopaswa kufuatwa ni futikamba: kifua, kiuno na nyonga hupimwa, kisha vipimo hulinganishwa na jedwali la bahasha. Msomaji aangalie pia kipimo cha vazi likiwa limekamilika, kwa kuwa tofauti kati ya kipimo hicho na cha mwili ndiyo nafasi inayomwezesha mvaaji kupumua, kuketi na kuinua mikono.

Kila kipande huwa na mshale mrefu ambao wanaoanza huupuuza. Mshale huo hulazwa sambamba na nyuzi za mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, kwa sababu mguu wa suruali uliokatwa kwa kupinda hujisokota mwilini hata kama mshono wake ni safi. Anayetumia kitenge asome kiasi cha kitambaa chenye upana wa takriban sentimita 115, si cha sentimita 150, na aongeze kitambaa ikiwa maua yake yanaelekea upande mmoja. Pateni nyingi za Marekani huwa zimekwisha kuongezwa ukingo wa mshono wa takriban sentimita 1.5, ilhali baadhi ya pateni za Ulaya hazina ukingo huo, na asiyelitambua hilo hupata nguo isiyomwingia.

Siku hizi pateni hupakuliwa pia kutoka kwenye intaneti na kuchapwa kwenye karatasi za A4 zinazogundishwa pamoja. Hapo ukurasa wenye mraba wa majaribio huchapwa kwanza na kupimwa kwa rula, kwani printa ikipunguza picha kidogo tu, vazi zima hupungua.

Hata pateni iliyochaguliwa vizuri ilichorwa kwa mwili wa kukadiriwa, na hakuna mtu aliye na mwili huo. Kwa hiyo inafaa kushona kwanza vazi la majaribio kwa kitambaa cha bei nafuu. Merikani, pamba isiyopaushwa ambayo merikebu za Salem, katika jimbo lilelile la Massachusetts, zilikuwa zikiileta Zanzibar katika karne ya 19, inafaa sana kwa kazi hiyo. Mikunjo inayovutika kuelekea kifuani huonyesha kwamba hapo panabana, na kitambaa kinacholegea mgongoni huonyesha urefu uliozidi. Marekebisho hufanywa kwenye karatasi: pateni hukatwa kati ya mistari miwili sambamba iliyochapwa kwa ajili hiyo, vipande vikatenganishwa ili kurefusha au vikapandanishwa ili kufupisha, kisha umbo jipya likanakiliwa kwenye karatasi ngumu, likaandikwa jina la mvaaji na tarehe ya vipimo.