Kabla ya Kumkabidhi Mtu Kazi ya Kutengeneza Tovuti

Tovuti ni mali ya biashara kama lilivyo duka. Mteja anayelipa bila mapatano ya maandishi huweza kugundua, siku ya mgogoro, kwamba funguo zote za duka hilo anazo mtengenezaji. Tunakushauri ukubaliane naye mambo yafuatayo kabla ya kutoa malipo ya awali.

Umiliki wa jina: Jina la kikoa, mathalani linaloishia na .co.tz, lisajiliwe kwa jina lako au la kampuni yako, kwa barua pepe unayoidhibiti mwenyewe. Likisajiliwa kwa jina la mtengenezaji, utamhitaji yeye kila unapotaka kulihamisha.

Gharama za kudumu: Jina na nafasi kwenye seva hulipiwa upya kila kipindi. Bainisheni nani atalipa. Muda ukipita, tovuti hutoweka, na barua pepe zinazotumia jina hilo husimama.

Kazi na malipo: Andikeni idadi ya kurasa, tarehe ya kukabidhi na idadi ya marekebisho. Lipa kwa awamu. Salio litolewe baada ya kupokea nywila zote na nakala kamili ya tovuti.

Hakimiliki: Usidhani malipo pekee yamekuhamishia hakimiliki. Mkataba utamke hivyo.

Taarifa za wateja: Ukikusanya majina au namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe mwenye tovuti.

Hifadhi mkataba na risiti. Lalamiko lisilo na maandishi ni gumu kulithibitisha.