Mafuriko, Madaraja na Njia ya Kati: Nani Hulipa Gharama?

Kila daraja linapochukuliwa na maji, husikika maneno "maafa ya asili". Maneno hayo si ya uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Mvua ni ya asili. Daraja limejengwa na watu, mahali palipochaguliwa na watu, kwa fedha zilizopangwa na watu, na baada ya kujengwa hutunzwa au hutelekezwa na watu. Kwa hiyo anayeishia kwenye mvua tu hajaeleza kitu; ameilaumu mbingu na kuwaacha wanaohusika wakiendelea na shughuli zao.

Madhumuni ya makala hii ni kueleza kwa nini Njia ya Kati, inayounganisha pwani na Tabora na Ujiji, hukatwa na maji karibu mahali palepale mara kwa mara, na kwa nini gharama ya kukatwa kwake huwaangukia watu walio mbali sana na mahali hapo.

NJIA YA WAPAGAZI

Tabora haikuzaliwa na reli. Katikati ya karne ya 19 Unyanyembe kilikuwa tayari kituo kikuu cha misafara, na Burton na Speke walipofika mwaka 1857 walikuta soko linalofanya kazi. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikavuka Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikagawanyika: tawi moja kwenda Ujiji, jingine kuelekea Karagwe na Buganda. Nguo, shanga na bunduki zilikwenda bara; pembe za ndovu na watumwa walishushwa pwani.

Waliobeba biashara hiyo mabegani walikuwa wapagazi, na wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Hawa walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi wa njia na majira. Walipenda kwenda pwani wakati wa kiangazi na kurudi kwao kabla ya kilimo. Katika milima ya Usagara yalikuwapo mapito zaidi ya moja. Bonde likijaa maji, msafara uliweza kusubiri au kushika pito jingine. Mahali pa kuvukia mto walilaza gogo, likichukuliwa na maji walilaza jingine.

Lakini tusiipambe historia. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi na meli za Sultani na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Msimu huohuo Stanley alikuwa njiani kurudi Bagamoyo kutoka Unyanyembe, baada ya kuachana na Livingstone. Bonde la Mkondoa lilikuwa limejaa maji. Karibu na Morogoro ya leo, kuta za mji wa Simbamwenni zilikuwa zimebomolewa na mafuriko, na vijiji vingi vilikuwa vimesombwa. Katika safari hiyo mpagazi mmoja aliingia mtoni, maji yakiwa marefu, akiwa na sanduku la barua za Livingstone kichwani. Stanley mwenyewe ameandika kwamba alimwelekezea bastola na kumtishia kumpiga risasi iwapo angeliangusha sanduku.

Mfano huu unatufundisha jambo. Mto ulikuwa hatari kwa wote, lakini hatari haikugawanywa sawa. Mwenye mzigo alisimama ukingoni na silaha. Mwenye kubeba alisimama majini. Swali la nani husimama majini ndilo tunalopaswa kuliuliza hata leo.

RELI NA BONDE MOJA

Wakoloni wa Kijerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Shabaha yake haikuwa kuunganisha wananchi. Ilikuwa kusafirisha askari na bidhaa za mkoloni, na kutoa malighafi kwa bei nafuu. Reli yenye shabaha hiyo hutafuta mteremko mwepesi na gharama ndogo. Mhandisi wa mkoloni aliupata mteremko huo katika bonde la Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe. Ni bonde lilelile la misafara.

Hapa ndipo ulipozaliwa mgongano ambao bado tunao. Wapagazi walikuwa na mapito kadhaa na waliweza kulikwepa bonde. Reli ilikuwa na pito moja, njia moja ya chuma, kando kabisa ya mto. Mwaka 1928 tawi la Mwanza lilikamilika, na baadaye likajengwa tawi la Kaliua hadi Mpanda. Tabora ikawa njia panda ya magharibi yote. Lakini matawi yote hayo yalitegemea shina moja, na shina hilo lilipita katika bonde linalofurika.

MAJI HUVUNJAJE DARAJA?

Wengi hudhani kwamba maji hulisukuma daraja mpaka likaanguka. Mara nyingi sivyo. Maji yaendayo kasi huchimba udongo unaozunguka nguzo. Nguzo hubaki imesimama, lakini chini yake hamna kitu. Mwishowe huzama au huinama. Namna ya pili ni kuziba. Magogo na takataka hujaa kwenye kalavati, maji yakakosa pa kupita, yakapanda juu ya tuta la barabara au la reli, na tuta la udongo likikatwa mahali padogo huliwa lote kwa muda mfupi. Reli hubaki ikining'inia hewani pamoja na mataruma yake.

Namna ya tatu ni ya polepole, nayo ndiyo hatari zaidi katika Mkondoa. Mto huo hupokea maji ya Kinyasungwe kutoka nyanda za Dodoma. Ardhi ya huko ni kavu, mvua zake ni chache lakini za ghafla, na mahali pengi miti na majani yamekwisha. Udongo huteremka na maji. Ukifika bondeni hutua, na kitako cha mto huinuka mwaka hadi mwaka. Daraja lililojengwa juu sana ya maji hujikuta karibu na maji bila kushushwa na mtu. Bwawa la Ikowa, lililojengwa katika eneo hilo katika miaka ya 1950, lilianza kujaa mchanga mapema mno, na wataalamu wakaligeuza mfano wa kufundishia. Hivyo daraja linaloanguka Kilosa limeanza kuanguka miaka mingi kabla, milimani.

HUKATIKA KILOSA, HUUMIA TABORA

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliharibu barabara na reli katika sehemu kubwa ya nchi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora, Kigoma na Mwanza zikakatika kwa miezi kadhaa. Januari 2014 maji yalikata barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma kwenye daraja la Dumila. Machi 2020 ilikuwa zamu ya Kiyegeya, wilayani Gairo, katika barabara hiyohiyo. Magari yalipanga foleni au yakalazimika kuzunguka kupitia Iringa.

Tazama ramani, ndugu msomaji. Hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo palipo katika Mkoa wa Tabora. Lakini tumbaku ya Urambo na Sikonge imekuwa ikisafirishwa kwenda viwanda vya Morogoro kusindikwa, na mbolea, saruji na mafuta hupanda kutoka Dar es Salaam. Mkulima huuza mali yake mwisho wa njia na hununua mahitaji yake mwisho wa njia. Nauli ikipanda, mfanyabiashara huiongeza kwenye bei. Mkulima hana wa kumwongezea. Ndiye amesimama majini.

Mwaka 2010 hali ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu barabara ya Itigi hadi Tabora ilikuwa bado ya udongo. Hatua zimepigwa tangu hapo. Daraja la Kikwete katika Mto Malagarasi lilizinduliwa 2015, na barabara ya lami ya Nyahua hadi Chaya 2022. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kusafirisha abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imepitishwa katika mahandaki kwenye milima ya Kilosa, na mikataba ya kuifikisha Tabora, Isaka na Kigoma ilisainiwa mwaka 2021 na 2022. Lakini tusijidanganye kwamba njia mpya pekee ni dawa. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani, barabara ya lami ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika eneo la Somanga, na mikoa ya kusini ikaonja yale ambayo magharibi imeyazoea. Lami haizuii maji.

KAZI ILIYOPO

Kwanza, lazima tukatae fikra kwamba ujenzi ni kazi ya heshima na matengenezo ni kazi ya baki. Daraja huzinduliwa kwa ngoma. Kalavati iliyozibuliwa haizinduliwi na mtu. Zamani magenge ya reli yalikaa kambini kandokando ya njia na kuijua kama mkulima anavyolijua shamba lake. Mfuko wa Barabara ulianzishwa 1998, TANROADS mwaka 2000 na TARURA 2017. Vyombo vipo. Wajibu wa viongozi na wawakilishi wa wananchi ni kuuliza, kabla ya mvua na si baada yake, ni kalavati ngapi zimezibuliwa.

Pili, daraja lianzie mlimani. Fedha za kujenga nguzo zisizoambatana na fedha za kuhifadhi ardhi ya juu ni fedha za kujenga nguzo ileile tena. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, ulionyesha kwamba ardhi iliyoharibika huweza kufunikwa tena na majani. Ulionyesha pia bei yake, kwa kuwa mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, na wenye mifugo ndio waliobeba mzigo huo.

Hapa tujihadhari na kosa la kumgeuza mwanakijiji kuwa adui. Mkaa huchomwa kijijini lakini hupikiwa mjini. Mtu asiye na shamba la kutosha wala nishati nyingine hatazuiwa na bango. Anayefaidika na mlima kubaki na miti ni pamoja na mkulima wa Urambo, msafirishaji wa Dar es Salaam na nchi nzima. Basi na gharama ya kuutunza iwe ya wote hao, isiwe ya mwenye jembe wa Mpwapwa peke yake.

Tatu, kujitegemea kusieleweke vibaya. Hakuna kijiji kinachoweza kujenga daraja la reli kwa majembe. Lakini kijiji kinaweza kulinda mitaro, kupanda miti kingoni na kutoa taarifa mapema nguzo inapoanza kuchimbwa. Taarifa hiyo ikifika wilayani ikakaa juu ya meza, kosa si la kijiji.

Mvua kubwa zitakuja tena, na wataalamu wa hali ya hewa wanatuonya kwamba joto la dunia huzifanya kuwa kali zaidi. Hatuwezi kuzipigia kura. Tunachoweza kuamua ni njia ipite wapi, itunzwe na nani, na hasara igawanywe vipi. Hayo ni maamuzi ya siasa. Mpagazi wa 1872 hakuulizwa. Mkulima wa leo lazima aulizwe, na ajibiwe.