Maji Chini ya Miguu

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tuna shamba nyumbani. Fikirini habari hii ya Bangladesh. Huko maji yako karibu chini ya ardhi, lakini aliyefaidi ni mwenye pampu ya dizeli. Mkulima maskini aliyanunua, mara nyingi kwa robo ya mavuno yake.

Karibu mwaka 1980, huko Rangpur, injinia Gunnar Barnes alibuni pampu ya kukanyaga kwa miguu: silinda mbili za chuma, bomba na fito za mianzi. Haili mafuta. Huvuta maji yaliyo chini hadi mita 7 hivi. Zaidi ya milioni moja zimeuzwa.

Maji yakiwa mbali zaidi, mashine yahitajika. Hapo wanyonge wachange na kuimiliki pamoja. Asiye na chombo atanyonywa tu.