Je, Wajua? Upepo wa Mshtarii huvuma hata gizani

Mshtarii haina ardhi ya kukanyaga. Sayari hii kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua letu ni haidrojeni na heliamu kwa sehemu kubwa, na mawingu yake ya juu kabisa ni ya amonia, si ya maji.

Tarehe 7 Desemba 1995, kifaa kilichopelekwa na chombo cha Marekani kiitwacho Galileo kilitumbukia humo kwa kasi ya takriban kilomita 170,000 kwa saa. Ngao ikakikinga na joto kali, parachuti ikafunguka, kikaanza kutuma vipimo. Hakikumaliza saa moja kabla ya joto na mgandamizo kukinyamazisha. Kama upepo wa huko ungesukumwa na jua peke yake, ungefifia kadiri kifaa kilivyozama mbali na mwanga. Wapi! Ulizidi nguvu, ukapita kilomita 600 kwa saa. Sababu moja kubwa ni joto la ndani: Mshtarii hutoa joto karibu maradufu ya lile inalopokea kutoka kwenye jua.

Na Doa Jekundu Kuu la Mshtarii? Ni dhoruba, nayo imefuatiliwa mfululizo tangu 1831. Tufani za baharini hapa duniani hufa zikifika nchi kavu. Huko hakuna nchi kavu ya kuivunja. Hata hivyo inasinyaa. Mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa na upana wa kilomita 40,000 hivi. Kufikia 2017 ilikuwa kama 16,000, na bado Dunia nzima ingeenea ndani yake.